Mashine Inayomngoja Fundi: Teknolojia Mpya na Usimamizi wa Miradi ya Maji Vijijini

Mradi wa maji hupigwa picha nyingi siku ya kuzinduliwa. Bomba hufunguliwa, ndoo ya kwanza hujaa, mgeni rasmi humtwisha mama ndoo hiyo kichwani, na taarifa ya utekelezaji husomwa mbele ya wananchi: fedha zilizotengwa, fedha zilizotumika, asilimia ya kukamilika. Usimamizi wa mradi, kwa jinsi wengi wetu tulivyouzoea, huishia hapo. Miaka mitatu baadaye, pampu inaposimama katikati ya mwezi Septemba, hapana mgeni rasmi wala taarifa. Kuna msururu wa madumu, na kuna mama anayeamka saa tisa usiku ili awahi kisima cha kuchimba kwa mikono kwenye mchanga wa korongo kabla hakijakauka.

Katika mkoa wetu jambo hili si dogo. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo, kwa muda unaozidi nusu ya mwaka, kijiji kisicho na bwawa hutegemea maji ya ardhini. Maziwa yetu ya Singidani na Kindai, kwa uzuri wake wote, ni ya maji ya chumvi. Kwa hiyo kisima kirefu kikisimama wakati wa kiangazi, hapana njia ya pili iliyo karibu.

Makala hii inaeleza namna teknolojia mpya zinavyobadilisha usimamizi wa miradi ya aina hiyo, na kwa nini mabadiliko hayo yanamhusu mkazi wa kata zaidi ya yanavyomhusu mtaalamu aliye ofisini. Tumechagua miradi ya maji kwa kuwa ndiko ushahidi ulikokusanywa kwa wingi, hapa nchini na kwa majirani zetu. Kuhusu madarasa na zahanati tutasema machache mwishoni.

Kompyuta iliambiwa nini kuhusu visima vyetu

Mwanzoni mwa muongo wa 2010, Wizara ya Maji iliendesha kazi kubwa ya kuvitambua vituo vya kuchotea maji vijijini nchini kote. Wadodosaji walikwenda kituo kwa kituo, wakapima mahali kilipo kwa vifaa vya setelaiti, wakaandika aina ya pampu, mwaka wa kujengwa, aliyetoa fedha, aliyejenga, nani anakisimamia, watumiaji wanalipa vipi, na kama maji yanatoka. Sehemu ya takwimu hizo baadaye iliwekwa wazi ili mtu yeyote duniani mwenye ujuzi wa kompyuta ajaribu kuitumia. Ina vituo 59,400 ambavyo hali yake imeandikwa, na 2,093 kati ya hivyo ni vya Mkoa wa Singida.

Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Vituo 32,259 vilikuwa vikitoa maji sawasawa. Vingine 4,317 vilitoa maji lakini vilihitaji matengenezo. Vilivyobaki, 22,824, havikuwa vikitoa hata tone. Kwa maneno mengine, katika kila vituo kumi vilivyojengwa kwa fedha za wananchi na za wafadhili, karibu vinne vilikuwa vimekufa, na kila kimoja kiliwahi kuwa na taarifa ya utekelezaji iliyosema kimekamilika kwa asilimia mia moja.

Takwimu hizo zikawa uwanja wa mazoezi wa akili unde, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano mingi mpaka ziweze kukisia jambo ambalo hazijaambiwa. Maelfu ya watu katika nchi mbalimbali wameshindana kutengeneza programu ya kukisia ni kituo kipi cha maji cha Tanzania kinafanya kazi na kipi hakifanyi. Programu bora kabisa hupatia zaidi kidogo ya mara themanini katika kila mia. Huo ni ustadi wa kustaajabisha kwa mashine ambayo haijawahi kuona ndoo. Mtu anaweza kuwaza kwamba siku moja mhandisi wa wilaya atafungua kompyuta asubuhi na kuonyeshwa orodha ya visima vinavyoelekea kufa kabla havijafa.

Hata hivyo, ukiyasoma yale ambayo kompyuta ilipewa, unakutana na mambo mawili ambayo kwa maoni yetu yana uzito kuliko ushindi wa programu yoyote.

La kwanza linahusu malipo. Miongoni mwa vituo ambavyo watumiaji hawakulipa chochote, vilivyokuwa vikifanya kazi vilikuwa chini ya nusu. Ambako watu walilipa kwa kila ndoo au kwa kila mwezi, karibu theluthi mbili vilikuwa vizima. Ambako walilipa mara moja kwa mwaka, vizima vilifika robo tatu. Lazima tuwe waangalifu hapa. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba malipo ndiyo yaliyokiponya kisima, kwa kuwa huenda watu waliacha kulipa kwa sababu kisima kilikuwa kimekwisha kuharibika, na hakuna mwenye akili timamu anayelipia bomba kavu. Lakini mwelekeo wake unalingana na ambayo kamati nyingi za maji huyajua kwa uzoefu: mahali penye mfuko wa matengenezo, vali iliyochakaa hununuliwa, mahali pasipo na mfuko, huitishwa mkutano wa kuchangishana, na mkutano huo huahirishwa.

La pili ni la aibu kidogo. Zaidi ya theluthi moja ya vituo hivyo 59,400 havina mwaka wa kujengwa. Mahali pa kuandika mwaka pameandikwa sifuri. Vituo zaidi ya elfu ishirini havina idadi ya watu wanaovitumia. Jina la shirika moja la wafadhili, DANIDA, limeandikwa pengine DANIDA na pengine DANID, na mashine isiyoijua historia ya miradi yetu huyahesabu hayo kuwa mashirika mawili. Mdodosaji hakuandika mwaka kwa sababu aliyemuuliza hakuujua, au alikuwa hayupo, au daftari la kamati lilikuwa limeliwa na mchwa. Akili unde ina nguvu nyingi, lakini haiwezi kukumbuka jambo ambalo kijiji kilisahau kuliandika.

Kizazi cha tano cha viwanda, na kwa nini kinafika kisimani

Katika mwaka 2011, kwenye maonyesho ya viwanda mjini Hannover, Ujerumani, lilizaliwa jina la mapinduzi ya nne ya viwanda. Wazo lake lilikuwa kuunganisha mashine, kompyuta na mtandao wa intaneti ili kiwanda kijiendeshe karibu peke yake. Miaka kumi baadaye, Januari 2021, Kamisheni ya Ulaya ilitoa andiko lililotambulisha wazo linalofuata, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita viwanda vya kizazi cha tano. Wazo hilo halikuzitupa mashine. Liliuliza swali tofauti: mashine hizi zinamtumikia nani? Likaweka misingi mitatu, yaani mtu awe kiini cha kazi, mazingira yahifadhiwe, na mfumo uwe na uwezo wa kuhimili misukosuko.

Msomaji anaweza kusema kwamba mambo ya viwanda vya Ulaya hayatuhusu sisi wakulima wa alizeti na vitunguu. Yanatuhusu, kwa sababu vifaa vyenyewe vimekwisha kutufikia. Pampu za umeme wa jua zinachukua nafasi ya zile za dizeli. Dira za malipo ya kabla zinafungwa kwenye vilula. Simu ya mkononi imekuwa daftari, kamera, kipimo cha mahali na benki. Kilicho hatarini ni kwamba vifaa vinaweza kuja bila lile swali lililokuja navyo, na hapo tutakuwa na mradi wa kisasa ulioharibika badala ya mradi wa zamani ulioharibika.

Historia ya nchi yetu inao mfano mzuri wa jambo hili. Karibu na mwaka 2010, shirika moja lisilo la kiserikali liitwalo Daraja lilianzisha mpango uliopewa jina la Maji Matone. Mawazo yake yalikuwa mepesi na ya kuvutia: mwananchi anayeona kituo cha maji kimeharibika atume ujumbe mfupi wa simu, ujumbe ufikishwe kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vifuatilie kama hatua imechukuliwa. Ulijaribiwa katika wilaya tatu, kwa matumaini ya kupokea ujumbe 3,000. Uliopokelewa ulikuwa 53.

Waanzilishi wake walikuwa waungwana, wakaeleza hadharani kwamba mpango haukufaulu, na wakatafuta sababu. Wanaochota maji ni wanawake na watoto, ilhali simu kwa kiasi kikubwa ilikuwa mikononi mwa wanaume. Mtandao haukufika kila mahali. Watu walisita kuonekana wanamshtaki mtumishi wa serikali. Na juu ya yote, wengi hawakuamini kwamba ujumbe wao ungeleta mabadiliko yoyote, kwa kuwa walikwisha kulalamika kwa mdomo mara nyingi bila jibu. Simu ilifanya kazi, na teknolojia haikuwa na kosa lolote. Mtu ndiye aliyesahauliwa katika mchoro.

Pampu inayojisemea, na fundi anayekwenda

Linganisha na yaliyotokea Kyuso, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya. Kyuso ni nchi kavu, na mkazi wa Mkalama au Itigi angejihisi nyumbani kule. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mkono wa pampu. Ndani yake mna kihisio cha mwendo, kile kile kinachoifanya picha ya simu igeuke unapoilaza. Kila mkono wa pampu unapopanda na kushuka, kifaa huhesabu, kisha hutuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi. Pampu iliyozoea kusukumwa mara nyingi kwa siku ikinyamaza ghafla, mafundi hujua bila kuambiwa na mtu.

Pampu 66 ziliwekewa vifaa hivyo. Kabla ya hapo, pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Katika majaribio hayo, muda huo ulishuka hadi chini ya siku 3.

Wapo waliosoma habari hii wakahitimisha kwamba siri ni kifaa. Sisi hatuoni hivyo. Waliokuja ndani ya siku tatu walikuwa mafundi, wenye pikipiki, spana na vipuri, ambao kazi yao na malipo yao yalihusu pampu kutoa maji. Baadaye huduma hiyo iligeuzwa kuwa kampuni ya wenyeji, FundiFix, inayopokea ada kutoka kwa watumiaji. Ada hiyo peke yake haikutosha gharama, ikabidi mfuko maalum ujazie pengo. Jambo hilo pia ni vyema lisemwe wazi, kwa maana yapo matumaini ya uongo kwamba teknolojia itazifanya huduma za vijijini zijilipe zenyewe siku moja asubuhi.

Rwanda walifanya jaribio linalotusaidia kutenganisha mchango wa kifaa na mchango wa fundi. Pampu za mkono 181 ziligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliachwa katika utaratibu wa kawaida, na pampu zilizofanya kazi zilikuwa asilimia 68. Kundi la pili lilipewa mafundi wanaozunguka kukagua kwa ratiba nzuri, zikafika asilimia 73. Kundi la tatu lilipewa mafundi wanaoitwa na vihisio mara pampu inapozimika, zikafika asilimia 91. Katika kundi la kwanza, muda wa kati wa kufanikisha matengenezo ulikuwa siku 152. Katika la pili siku 57. Katika la tatu siku 21.

Yaweke matukio hayo matatu pamoja. Kule kwa Maji Matone palikuwa na njia ya taarifa lakini hapakuwa na imani kwamba fundi angekuja, na taarifa yenyewe ikakauka. Katika kundi la pili la Rwanda palikuwa na fundi asiye na taarifa, na faida ikawa ndogo. Palipokutana taarifa na fundi mwenye wajibu, mambo yalibadilika. Ndiyo maana tunasema kuwa teknolojia hizi zinabadilisha usimamizi wa miradi kwa kuuhamisha mahali pake: kutoka siku ya uzinduzi kwenda siku ya kuharibika. Kipimo cha zamani kilikuwa asilimia ya ujenzi. Kipimo kipya ni idadi ya siku ambazo kijiji kilikaa bila maji, na hicho ni kipimo ambacho mama mwenye ndoo anaweza kukikagua bila kusomewa na mtu.

Hali ilivyo hapa kwetu

Kwanza ni vyema kuondoa utata ambao bado tunaukuta katika mikutano ya hadhara. Tangu Julai 2019, huduma ya maji vijijini haisimamiwi tena na idara ya maji ya halmashauri. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, wenye ofisi katika kila wilaya. Chini yake vipo vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo vinamiliki dhamana ya uendeshaji wa kila siku: kukusanya malipo, kuajiri fundi na mhasibu, kununua vipuri. Halmashauri, kupitia madiwani na watendaji wa kata na vijiji, hubaki na wajibu wa kusimamia maslahi ya wakazi, kupanga na kuhoji. Mkazi anayemlaumu mtendaji wa kata kwa pampu iliyokufa hajakosea kulalamika. Amekosea mlango tu, na mtendaji anapaswa kumwonyesha ulio sahihi.

Teknolojia inayoonekana zaidi katika vyombo hivyo ni dira ya malipo ya kabla. Mtumiaji hununua maji kwa simu au huweka fedha kwenye kadi au kitufe maalum, kisha kilula humpa maji kulingana na salio. Faida yake kwa usimamizi ni kubwa. Fedha haipiti mikononi mwa mtu hata mmoja kabla ya kufika benki. Chombo kinajua kila jioni kimeuza lita ngapi. Pampu ikisukuma maji mengi na vilula vikauza machache, tofauti hiyo inaashiria kwamba huenda bomba linavuja chini ya ardhi, jambo ambalo zamani liligunduliwa ng'ombe walipoanza kukusanyika penye tope. Ugomvi kati ya mchota maji na mwenyekiti wa kamati kuhusu fedha zilizopotea hupungua kwa sababu hesabu iko mbele ya wote.

Lakini dira haina macho. Mlezi wa kilula wa zamani alimjua bibi asiye na mtoto wa kumtumia fedha, akamjazia ndoo na kusema, utalipa ukiuza kuku. Dira haiuzi kwa mkopo na haijui msiba. Pale ambapo salio limekwisha na simu haina chaji, kiu haisubiri. Hapa ndipo maneno ya kwamba mtu awe kiini yanapopimwa kwa vitendo. Chombo kinachofunga dira bila kukubaliana na wanakijiji namna ya kuwahudumia wasio na uwezo kimefanya nusu ya kazi. Makubaliano hayo hayawezi kuandikwa na mtengenezaji wa dira aliye ng'ambo. Yanaandikwa na mkutano wa watumia maji, kwa majina, na kupitiwa upya kila mwaka. Na yawekwe kabla ya ufungaji, kwa sababu baada ya hapo kila mtu huwa amekwisha kuchagua upande.

Jambo lingine ni uharibifu wa dira yenyewe. Kifaa cha kielektroniki kikiungua, fundi wa kijiji aliyezoea kubadilisha vali hana la kufanya. Katika mkataba wowote wa kufunga vifaa hivi, wakazi wana haki ya kuuliza maswali matatu ya kawaida kabisa: nani atakitengeneza, kipuri kinatoka wapi, na katika siku hizo maji yatachotwa vipi. Mradi usio na jibu la swali la tatu haujakamilika kupangwa, hata kama mchoro wake ni mzuri.

Tuseme kidogo kuhusu madarasa, zahanati na nyumba za watumishi. Miradi hiyo mingi hujengwa kwa utaratibu unaofahamika kama fosi akaunti, ambapo shule au kijiji hutumia mafundi wa mahali badala ya mkandarasi, chini ya kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ya vifaa. Tangu Oktoba 2023, taasisi zote za umma zinatakiwa kununua kupitia Mfumo wa Taifa wa Ununuzi wa Umma kwa Njia ya Kielektroniki, NeST. Uwazi umeongezeka, kwa kuwa kila hatua huacha alama isiyofutika. Wakati huo huo, mwenye duka la mabati aliye karibu na shule, asipojisajili, hawezi kuuza hata bati moja, na vifaa vitanunuliwa mjini pamoja na gharama ya usafiri. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa ajili ya makundi maalum ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, lakini fungu hilo hulifikia kundi lililosajiliwa ndani ya mfumo. Maafisa maendeleo ya jamii wa kata wanao wajibu wa kuyasaidia makundi kujisajili, nasi tunawasihi vijana wenye simu janja wawasaidie wazee wao katika hilo.

Na kwa kuwa tumetaja simu janja: chombo cha usimamizi wa miradi kinachotumika zaidi katika kata nyingi hakikununuliwa na serikali. Ni kundi la WhatsApp la kamati ya ujenzi. Saruji ikifika, picha hutumwa. Fundi asipofika, wote hujua kabla ya saa mbili asubuhi. Ni jambo zuri, ila picha hizo hupotea simu ikiibiwa, na wajumbe wasio na simu janja, ambao mara nyingi ni akina mama, hubaki nje ya mazungumzo. Kamati iendelee na kundi lake, na yaliyoamuliwa humo yaandikwe kwenye daftari la mihutasari na kusomwa kikaoni.

Daftari la kituo cha maji

Kutokana na yote yaliyoelezwa, kazi moja ni ya mkazi mwenyewe wala haihitaji umeme. Kila kituo cha maji kiwe na ukurasa wake katika daftari la chombo cha watoa huduma. Juu ya ukurasa ziandikwe taarifa zisizobadilika: jina la kituo kama wenyeji wanavyoliita, kitongoji, mwaka wa kujengwa, aliyejenga, aliyetoa fedha, kina cha kisima, aina ya pampu na idadi ya kaya zinazokitumia. Chini yake kuwe na safu za mambo yanayobadilika: tarehe kilipoharibika, tarehe taarifa ilipotolewa na kwa nani, tarehe kilipotengenezwa, kipuri kilichobadilishwa, gharama na jina la fundi. Wazee waliokuwapo kisima kilipochimbwa waulizwe sasa, wangali nasi. Nakala ipelekwe ofisi ya RUWASA ya wilaya na nyingine ibaki kwa mtendaji wa kijiji, kwenye sanduku lisilofikiwa na mchwa.

Kituo kikiharibika, taarifa itolewe kwanza kwa fundi au katibu wa chombo cha watoa huduma. Kama hakuna hatua, iende ofisi ya RUWASA ya wilaya kwa maandishi, na nakala kwa mtendaji wa kata ili iingie katika agenda ya Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Siku hiyo mkazi yeyote anaweza kusimama na kuomba daftari la vituo vya maji lisomwe pia: kila kituo, katika miezi mitatu iliyopita, kilikaa siku ngapi bila maji.